Kabla hujanunua kifaa cha GPS, zima mtandao kwanza

Ndugu Mhariri,

Nimesoma makala mliyoichapa kuhusu vifaa vya GPS vya kuonyesha njia. Mwandishi wenu anasema mwenye simujanja hahitaji kifaa kingine chochote, na kwamba anayetaka kifaa maalumu atafute chenye kioo kikubwa kuliko vyote atakavyoonyeshwa. Mimi nimeendesha malori ya masafa marefu kwa miaka 26. Tangu nistaafu, mke wangu, shemeji yangu na mimi tunatembea kwa miguu milimani na misituni, mara nyingine siku tatu au nne mfululizo. Simu nimetumia, vifaa vya kubandika kwenye kioo cha gari nimetumia, na kile kidogo cha mkononi ninacho hadi leo. Naomba nafasi katika ukurasa wenu kwa sababu ushauri ule, akiufuata mtu anayekwenda mbali, utamwacha njiani.

Nianze na jambo ambalo makala ililieleza kinyume. GPS haihitaji intaneti. Satelaiti zake zinazunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi, na kila moja hukamilisha mzunguko kwa karibu saa 12. Mfumo ulibuniwa uwe na satelaiti 24, na leo zinazofanya kazi ni kama 30. Kila satelaiti imebeba saa za atomiki, na kazi yake ni kutangaza bila kukoma mahali ilipo na wakati inapotangaza. Kifaa chako kinasikiliza tu. Hakitumi chochote huko juu. Kinapima mawimbi yamechukua muda gani kufika, na kwa kuwa mawimbi hayo husafiri kwa kasi ya mwanga, kilomita 300,000 hivi kwa sekunde, kinajua umbali wa kila satelaiti. Ukikosea muda kwa sehemu moja tu ya milioni ya sekunde, umekosea mita 300. Saa iliyo ndani ya simu au kifaa chako haina usahihi huo, ndiyo maana zinahitajika satelaiti nne: tatu za kupata mahali, na ya nne ya kurekebisha saa ya kifaa chenyewe.

Hakuna laini ya simu humo, wala bando. Kinachohitaji mtandao ni ramani, tena kama hukuipakua mapema. Watu wengi hawatenganishi vitu hivi viwili, na ndipo wanapopotelea. Nimewahi kusimama usiku kando ya barabara ya vumbi, nikaitazama simu yangu, nikaona nukta ya buluu imetulia katikati ya kioo cha kijivu kisicho na hata mstari mmoja. Simu ilijua nilipo kwa usahihi wa mita chache. Barabara, mto, kijiji, vyote havikuwepo, kwa sababu vilitakiwa kushuka kutoka kwenye mtandao, na mtandao tulikuwa tumeuacha saa mbili nyuma.

Kwa hiyo jaribio langu la kwanza kwa kifaa chochote, simu au kisicho simu, ni hili: zima mtandao wote, kisha andika jina la mahali unapokwenda. Kikipata mahali hapo, kikachora njia mpaka mlangoni, kikakuambia kona ya kwanza ni ipi, basi ramani imo ndani. Kikizungusha duara na kukuomba uunganishe intaneti, huna kifaa cha njia, una kioo. Sisemi simu haifai. Simu yenye ramani zilizopakuliwa ni chombo kizuri sana, na zipo programu zinazotumia ramani za OpenStreetMap, ule mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 ambao watu wa kawaida duniani kote huchora barabara na njia za miguu wanazozijua. Katika maeneo mengine ramani hizo zina vijia ambavyo ramani za kuuzwa hazina kabisa. Ninachosema ni kwamba upakuaji ufanywe nyumbani, siku moja kabla, si ukiwa tayari umepotea.

Kuna jambo jingine dogo linalotokana na hilo. Simu hupata mahali pake kwa sekunde chache kwa sababu mtandao huipa mapema taarifa za mahali satelaiti zilipo. Bila mtandao, lazima izisikilize satelaiti zenyewe. Taarifa za satelaiti moja huchukua sekunde 30 hivi kufika zote, na orodha kamili ya satelaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Kifaa kilichokaa kabatini miezi sita, au kilichosafirishwa mamia ya kilomita kikiwa kimezimwa, kinahitaji kupewa muda huo. Nimeona watu wakirudisha vifaa dukani wakisema ni vibovu, kumbe walivijaribu ndani ya nyumba, chini ya bati, kwa dakika mbili. Kiweke mahali penye uwazi, anga ionekane, ukipe robo saa.

Sasa nije kwenye malori, kwa sababu makala haikusema neno hata moja kuhusu gari analoendesha msomaji.

Kifaa cha kwanza nilichopewa kazini kilikuwa cha magari madogo. Kilifanya kazi vizuri miezi mingi, mpaka usiku mmoja wa mvua barabara kuu ilipofungwa kwa ajali. Kifaa kikatafuta njia nyingine chenyewe, sauti ikaniambia nikate kulia, nami nikakata. Baada ya kilomita tano barabara ikaanza kujibana. Baada ya kilomita nane taa zikaangaza kibao cha daraja: mwisho tani 10. Mimi na tela na mzigo tulikuwa zaidi ya tani 40. Kugeuza hapakuwezekana, kushoto palikuwa na mtaro na kulia ukuta wa udongo. Nikamwamsha utingo. Akashuka na tochi, akatembea nyuma ya tela kwenye tope, akinipigia filimbi, na mimi nikarudi kinyumenyume kilomita tatu mpaka tulipopata upana wa kugeuzia. Ilituchukua saa nne. Yule kijana alikuwa na miaka 19, na alilowa kiasi kwamba asubuhi hakuweza kukunja vidole.

Nilikilaumu kifaa siku nyingi, lakini haki ni kwamba hakikukosea. Kwa gari dogo njia ile ilikuwa sahihi kabisa. Hakikujua lolote kuhusu lori langu, wala hapakuwa na mahali pa kukiambia. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya malori na mabasi vina ukurasa wa kuingiza kimo cha gari, upana, urefu, uzito wote, uzito kwa kila ekseli, na kama umebeba mzigo wa hatari. Vinakuepusha na madaraja ya kupita chini yake yenye kimo kidogo na kona ambazo tela haiwezi kukunja. Anayeendesha lori, basi, au gari linalovuta nyumba ya kulala, asinunue kifaa kisicho na ukurasa huo hata akipewa bure. Halafu aulize swali la pili, ambalo wauzaji wengi hawalipendi: je, ramani ya eneo ninalokwenda ina taarifa za vimo vya madaraja na mipaka ya uzito? Kwa sababu ukurasa wa kuingiza tani 40 haukusaidii chochote kama ramani haijui daraja linabeba ngapi. Katika nchi nyingi taarifa hizo zipo kwenye barabara kuu tu.

Na mwenye gari dogo naye ana ukurasa wake wa kuufungua siku ya kwanza. Karibu vifaa vyote huuliza kama unataka njia ya haraka au njia fupi, na kama unataka kuepuka barabara zisizo na lami, vivuko na barabara za kulipia. Njia fupi ni chaguo linaloonekana la busara, na ndilo linalowapeleka watu kwenye mashamba na mito. Chagua njia ya haraka, kisha kabla hujawasha gari itazame njia yote tangu mwanzo hadi mwisho kwa kuipunguza picha mpaka ionekane yote. Dakika moja inatosha kuona kama mstari unapita mahali pa ajabu.

Dakika hiyo ingewasaidia wale wanandoa wa Sweden ambao mwaka 2009 walitaka kwenda kisiwa cha Capri, Italia, wakakosea herufi wakaandika Carpi. Carpi ni mji wa viwanda kaskazini mwa nchi hiyo, mbali na bahari. Walifika wakaingia ofisi ya utalii kuuliza njia ya kwenda kwenye pango maarufu la kisiwani. Kifaa kiliwafikisha kwa uaminifu mahali walipokiambia. Lakini kuna wakati mtu huandika sawasawa na ramani ndiyo inayokosea. Desemba 2012, polisi wa jimbo la Victoria, Australia, walilazimika kutoa onyo kwa umma kwa sababu programu mpya ya ramani ya Apple ilikuwa imeuweka mji wa Mildura katikati ya hifadhi ya taifa ya Murray-Sunset, karibu kilomita 70 kutoka mji wenyewe ulipo. Huko hakuna maji, na joto huweza kufika nyuzi 46. Madereva kadhaa walikwama, baadhi yao kwa saa 24 bila chakula wala maji, wakatembea kwa miguu mbali ili wapate mtandao wa simu. Kosa lile lilirekebishwa haraka. Nalitaja kwa sababu lilifanywa na kampuni yenye fedha na wataalamu wasiohesabika, na bado mji mzima ulihama.

Kuhusu ukubwa wa kioo, nakubaliana na mwandishi wenu nusu. Ndani ya gari, kioo cha inchi 6 au 7 kinasaidia, kwa kuwa jicho linatakiwa likitazame kwa sekunde moja tu kisha lirudi barabarani. Lakini kioo kikubwa kilichobandikwa katikati ya kioo cha mbele kinakuficha mtu anayevuka. Kiweke chini, pembeni, na usikilize sauti zaidi ya kutazama. Tena uliza kioo hicho kinaonekanaje saa saba mchana jua likikipiga. Ndani ya duka kila kioo kinapendeza.

Jambo ambalo wanunuzi wengi wa vifaa vya gari hawaambiwi ni betri. Vingi vya aina hiyo vina betri ya kukaa saa moja hivi, kwa sababu vimetengenezwa viishi kwenye umeme wa gari kupitia soketi ya kuwashia sigara. Mtu anakitoa kwenye gari, anakitia mfukoni, anaingia msituni nacho akidhani ana kifaa cha safari. Saa moja baadaye ana kipande cha plastiki. Na usikiache juu ya dashibodi gari likiwa limeegeshwa juani, betri za lithiamu huharibiwa sana na joto. Changu cha pili kilivimba mgongo kwa sababu hiyo.

Mlimani betri hudhoofishwa na baridi, na hapo ndipo nilipojifunza thamani ya kile kifaa kidogo ambacho makala iliwaambia watu wasikinunue.

Tulikuwa watatu. Tulianza kupanda alfajiri, anga safi, na kufikia saa sita tulikuwa juu ya mgongo wa mlima. Ukungu ukaja kutoka upande wa chini, taratibu, halafu ghafla hatukuonana hata kwa hatua kumi. Njia ya kupandia ilikuwa ya mawe, haina alama, na ilikuwa imegawanyika mara tatu. Shemeji yangu ndiye aliyekuwa akituongoza kwa simu, na simu ilikuwa na chaji asilimia 40. Akaitoa mfukoni, upepo ukaipiga dakika chache, ikazimika.

"Shemeji, simu imekufa," akaniambia. "Ilikuwa na chaji, naapa."

Alikuwa anasema kweli. Baridi hupunguza nguvu ya betri za aina ile kwa ghafla, na simu hujizima hata kama namba inaonyesha imebaki karibu nusu. Ukiiweka karibu na mwili ikapata joto, mara nyingi hurudi. Sisi hatukuwa na muda huo. Nikatoa kifaa changu, kina kioo cha inchi mbili na kidogo, kina vitufe na kinatumia betri mbili ndogo za duara, zile za tochi na redio. Tangu asubuhi kilikuwa kinarekodi nyayo zetu. Nikabonyeza sehemu ya kurudi kwa njia ile ile, mstari ukajitokeza, na tukaanza kuteremka hatua kwa hatua juu ya mstari wetu wenyewe. Kwenye njia panda ya pili miguu yetu yote ilitaka kwenda kushoto. Mstari ulisema kulia. Mke wangu akatembea hatua ishirini upande wa kushoto akiwa ameshika kamba niliyoishikilia mimi, akarudi akasema mbele ni poromoko.

Niliyajua mengi kuhusu kifaa kile siku hiyo. Vitufe vinabonyezeka ukiwa umevaa glavu zilizolowa, kioo cha kugusa hakisikii. Kioo chake hakina rangi za kupendeza, lakini kinaakisi mwanga wa jua kiasi kwamba mchana hakihitaji taa yake, ndiyo maana betri mbili hukaa zaidi ya saa 20. Zikiisha natia nyingine mbili, wala sitafuti soketi. Kimeandikwa IPX7, maana yake kinavumilia kuzama ndani ya maji kina cha mita moja kwa nusu saa. Na ni kizito kidogo mkononi, kikianguka juu ya jiwe kinaruka na kuendelea.

Kina kasoro pia, na ni haki niiseme. Hakina dira ya ndani. Kifaa cha namna hiyo kinajua unakoelekea pale tu unapotembea, kwa kulinganisha ulipokuwa na ulipo. Ukisimama, mshale unazunguka ovyo. Pale njia panda nilisimama nikautazama mshale ukinielekeza nilikotoka, na kwa dakika nzima niliuamini. Siku nikinunua kingine kitakuwa na dira inayofanya kazi hata ukiwa umesimama, na kipimo cha mgandamizo wa hewa, kwa sababu GPS ni dhaifu zaidi katika kupima kimo kuliko mahali. Kipimo hicho kina faida nyingine ambayo rafiki yangu mpanda milima alinionyesha: mkiwa mmelala kambini, asubuhi kifaa kikadai mmepanda mita 40 ilhali hema halijasogea, mgandamizo wa hewa umeshuka usiku, na mvua huenda iko njiani. Ni lazima ukisawazishe kila ufikapo mahali penye kimo kinachojulikana, la sivyo kitakudanganya.

Ramani ya kutembelea kwa miguu nayo si ile ya gari. Tafuta yenye mistari ya kontua, ile inayoonyesha miinuko na mabonde. Ramani ya barabara itakuambia kambi iko kilomita mbili mbele, na kweli iko kilomita mbili, ila kati yenu kuna korongo ambalo litakula mchana wako wote.

Wauzaji pia watakutajia mifumo mingine ya satelaiti mbali na GPS, ambayo ni ya Marekani: GLONASS ya Urusi, Galileo ya Umoja wa Ulaya, BeiDou ya China. Hapo hawakudanganyi. Kifaa kinachosikiliza mifumo miwili au mitatu kina satelaiti nyingi zaidi angani, na ndani ya bonde jembamba au katikati ya majengo marefu, ambako sehemu kubwa ya anga imezibwa, tofauti inaonekana. Bora zaidi ni kile kinachopokea masafa mawili, yaani L1 na L5. Mawimbi yanapogonga ukuta wa jengo au mwamba yakaruka kabla ya kukufikia, yanachelewa, na kifaa kinadhani uko mbali zaidi ya ulipo. Masafa ya L5 husaidia kutenganisha mawimbi yaliyoruka na yaliyokuja moja kwa moja. Mimi ningelipia hilo kabla ya kulipia kioo kikubwa. Mahali pa wazi, hata simu ya kawaida hukosea mita tano tu hivi, na sisi tuliokuwa na vifaa hivi zamani tunaliona hilo kama neema. Mpaka tarehe 2 Mei 2000 jeshi la Marekani lilikuwa likivuruga kwa makusudi mawimbi ya raia, na kosa la mita 100 lilikuwa jambo la kawaida. Rais Bill Clinton akaamuru uvurugaji ukomeshwe, na usiku mmoja tu vifaa vile vile vikawa sahihi.

Kwa wanaonunua vilivyotumika, nina ushauri ambao sijauona ukiandikwa katika gazeti. Kikishapata satelaiti, tazama tarehe. GPS huhesabu majuma, na hesabu ya asili ina majuma 1,024 tu kisha inaanza tena sifuri, kila baada ya miaka 19 na zaidi kidogo. Ilitokea Agosti 1999 na tena Aprili 2019. Vifaa vya zamani ambavyo programu yake haikusasishwa vinaweza kuonyesha tarehe ya miaka mingi nyuma, na vingine hushindwa hata kukokotoa mahali vizuri. Kikionyesha tarehe ya ajabu, kirudishe mezani. Uliza pia kama mtengenezaji bado anatoa ramani za modeli hiyo. Maneno ya ramani za maisha huwa yanamaanisha maisha ya modeli ile kiwandani, si maisha yako.

Kisha jifunze kusoma namba zako. Mwaka mmoja lori la mwenzangu liliharibika, akatuma namba za mahali alipo ili fundi amfuate. Kifaa chake kilionyesha nyuzi na dakika, nyuzi 3 na dakika 30. Fundi akaandika kwenye simu yake 3.30, kama desimali. Nyuzi 3 na dakika 30 ni 3.5. Tofauti ni sehemu mbili za kumi za nyuzi, na kwa kuwa nyuzi moja ya latitudo ni kilomita 111 hivi, fundi alikwenda kusubiri kilomita 22 kutoka kwenye lori, upande wa pili wa kilima, akipiga honi. Mwenzangu alilala njiani na mzigo wa watu. Kubalianeni mapema mtatumia mfumo upi, na uweke vifaa vyote hivyo. Ukitumia ramani ya karatasi, hakikisha kifaa kimewekwa kwenye mfumo wa vipimo ulioandikwa pembeni mwa ramani hiyo. Vifaa hutumia WGS 84, ramani nyingi za zamani hazitumii, na tofauti huweza kuwa mamia ya mita.

Jambo la mwisho ambalo ningependa lisahihishwe katika makala. Iliandikwa kwamba ukiwa na GPS utapatikana ukipata matatizo. Hapana. Nimeeleza hapo juu kwamba kifaa kinapokea tu. Kinajua ulipo, na hakuna mwingine anayejua. Kuomba msaada mahali pasipo na mtandao kunahitaji kifaa chenye uwezo wa kutuma ujumbe kupitia satelaiti nyingine, kwa mfano zile za Iridium, na huduma hiyo huwa inalipiwa. Baadhi ya simu mpya zina uwezo wa kutuma ujumbe wa dharura kwa satelaiti, lakini si katika kila nchi, kwa hiyo mtu aulize kuhusu nchi anayokwenda, si anayonunulia. Mzazi anayemruhusu mtoto wake kwenda kupiga kambi kwa sababu tu ameona neno GPS kwenye boksi anastahili kuambiwa hili waziwazi.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mtakapoandika tena kuhusu vifaa hivi, mwandishi asivipime akiwa ofisini. Avitoe nje mchana wa jua kali, azime mtandao, alowanishe mikono, halafu atuandikie kipi kiliendelea kumjibu. Atutajie kila kimoja kinatumia betri gani na inakaa saa ngapi. Kifaa changu cha mkononi niko tayari kumwazima kwa wiki nzima, na nitamwekea betri mbili mpya ndani na nyingine mbili za akiba.

Wenu,
Dereva mstaafu wa malori